Injini ya Mashua Ikivuja Maji: Tutafuteje Chanzo?

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo la somo hili: Baada ya kusoma na kujadiliana, wanakikundi waweze (1) kutofautisha maji yanayotoka kwa kawaida na maji yanayovuja, (2) kutafuta chanzo hatua kwa hatua bila kubahatisha, na (3) kuamua pamoja kama injini itengenezwe au iachwe.



Huenda wengine wenu wakauliza, "Sisi watu wa mlimani, watu wa kahawa, majani chai na miraa, mambo ya mashua yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Teremka kutoka Embu mjini mpaka Mbeere, utaukuta Mto Tana umezuiliwa mara 5 kwa ajili ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ziwa la Masinga peke yake lilijengwa libebe maji ya mita za ujazo milioni 1,560. Palipokuwa na mto wa kuvuka, sasa kuna ziwa. Watu wanavua humo, na wengine wanavuka kwenda upande wa Ukambani.

Wengi bado wanapiga kasia. Lakini kikundi kikijikakamua, kikachanga, mara nyingi hununua injini iliyokwisha kutumika, kwa sababu mpya haishikiki bei. Injini ya namna hiyo huja na uzee wake, na ugonjwa wa kwanza wa uzee ni kuvuja.

Jambo hili si la pesa tu. Injini ikizimika katikati ya ziwa wakati wa upepo wa mchana, mashua haina wa kuiongoza, na ziwani mna viboko na mamba. Kwa hiyo kuvuja kidogo tunakokudharau ufuoni kunaweza kuwa msiba huko katikati. Tusome kwa makini.

1. MAJI HUPITA WAPI?

Huwezi kujua maji yanavuja kama hujui njia yake. Injini ya gari ina rejeta. Injini ya mashua haina. Inapozwa na maji ya ziwa lenyewe, hivi:

- Maji huingia kwenye matundu madogo yaliyo kwenye mguu wa injini, juu kidogo ya propela.
- Ndani ya mguu kuna pampu yenye raba ya mabawa, ambayo mafundi huiita impela. Inazungushwa na shafti ndefu inayotoka kwenye injini kwenda chini.
- Pampu husukuma maji juu kwa bomba jembamba mpaka kwenye injini.
- Maji huzunguka silinda, hubeba joto, kisha hushuka na kutoka pamoja na moshi chini ya maji.
- Kiasi kidogo hutoka pembeni kwa tundu dogo, kama mtoto anayekojoa. Tundu hilo ndilo shahidi wetu. Likitoa maji, pampu inafanya kazi.

Chini kabisa, mbele ya propela, kuna sanduku la gea. Humo hamtakiwi tone la maji. Mna oili peke yake, na sili za raba ndizo zinazozuia maji yasiingie na oili isitoke.

2. YAPI NI YA KAWAIDA, YAPI NI UGONJWA?

Watu wengi hufungua injini nzima kumbe haina shida. Tujue kwanza yaliyo ya kawaida:

- Maji kutoka kwa tundu la ushahidi. Hii ni afya.
- Maji yaliyochanganyika na moshi kutoka kwenye mguu. Hii pia ni kawaida.
- Maji kudondoka kwa muda baada ya kuinua injini. Ni yale yaliyobaki ndani.

Yasiyo ya kawaida ni haya:

- Maji yanayoonekana chini ya kofia ya injini, pembeni mwa silinda.
- Tundu la ushahidi kukauka, kutoa mvuke, au kutoa maji kwa kukohoakohoa.
- Oili ya gea kugeuka rangi kuwa kama chai ya maziwa.
- Plagi kutoka ikiwa imelowa maji au ina kutu.
- Kamba ya kuwashia kuwa ngumu ghafla, kana kwamba kitu kimekwama ndani.

3. KUPIMA KWENYE PIPA

Usipime ziwani. Pimia nyumbani kwenye pipa, lakini shika masharti haya: Toa propela kwanza, maana inakata. Fungia injini kwenye mbao imara. Jaza maji mpaka yapite matundu ya kuingizia. Fanyia kazi nje, mahali penye hewa, maana moshi wa injini ndani ya nyumba unaua. Watoto wakae mbali, na mtu asivute sigara karibu na petroli.

Usiwashe injini bila maji hata kidogo "kusikia tu kama inalia". Sekunde chache za ukavu zinatosha kuunguza raba ya pampu, kwa sababu maji ndiyo yanayoilainisha.

Washa, uiache ilie polepole dakika 5. Toa kofia na uangalie kwa macho bila kugusa sehemu zinazozunguka. Mtu mmoja aangalie, mwingine aandike. Kisha zima, utoe plagi na kuzipanga kwa utaratibu: ya juu, ya chini. Ukizichanganya umepoteza ushahidi.

4. MAHALI PATANO PA KUTAFUTA

Anza na palipo rahisi na pasipo gharama. Usianze na pagumu.

(a) Mipira na viungo chini ya kofia

Mipira midogo ya maji huzeeka. Ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa, badilisha. Vibanio vikilegea, kaza. Kuvuja kwa namna hii ni kwa bei ndogo kuliko kwingine kote, lakini maji yake yakirushiwa kwenye nyaya na koili, injini huzimika kana kwamba ina ugonjwa mkubwa.

(b) Pampu na bomba lake

Kama tundu la ushahidi ni kavu, usikimbilie kufungua pampu. Zima injini, uchokoe tundu kwa waya mwembamba. Mara nyingi mdudu au matope yameziba. Halafu angalia matundu ya kuingizia. Karatasi ya nailoni moja inatosha kuyafunika.

Bado ni kavu? Sasa fungua mguu, utoe raba ya pampu. Mabawa yakiwa yamepinda yasirudi, yamekatika au yamekuwa magumu kama ngozi kavu, nunua mpya. Bawa likikosekana litafute, maana limekwenda juu na litaziba njia ya maji huko mbele.

Hapa kuna uvujaji usioonekana. Bomba jembamba linapoingia kwenye pampu linashikwa na raba ndogo ya duara. Raba hiyo ikichakaa, au fundi akirudisha mguu bila kulengesha bomba vizuri, maji humwagika ndani ya mguu na kurudi ziwani. Nje huoni kitu. Unachoona ni injini kupata joto ilhali pampu ni mpya. Kama shida ilianza baada ya matengenezo, anzia hapo.

Ukirudisha raba ya pampu, ipake sabuni ya maji na uzungushe shafti upande ule ule injini inaozungukia, ili mabawa yalale sawasawa. Usiizungushe kinyume tena.

(c) Gasketi ya kichwa cha silinda

Angalia plagi ulizozipanga. Plagi nzuri ya injini inayochanganyiwa oili huwa ya rangi ya kahawia na mafuta kidogo. Ikiwa moja ni ya kahawia na nyingine ni safi kama iliyooshwa, au ina matone, maji yanaingia kwenye silinda hiyo. Mara nyingi gasketi imeungua kwa sababu injini iliwahi kupata joto kali. Kwa hiyo usibadilishe gasketi kisha ukaacha pampu mbovu, utairudia kazi.

Kabla ya kurudisha kichwa, kilaze juu ya kioo bapa. Kikichezacheza, kimepinda, na gasketi mpya haitazuia maji. Mpelekee fundi mwenye mashine akisawazishe. Boliti kaza kidogo kidogo kwa mzunguko, ukianzia katikati kwenda nje na kuvuka upande wa pili, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Gasketi ya kukata kwenye katoni haifai hapa. Itadumu siku moja.

Boliti ikikataa kutoka, usilazimishe. Boliti za chuma kwenye aluminiamu huota kutu na kushikana. Tia mafuta ya kupenya, ngoja usiku kucha, pasha joto kidogo, jaribu tena. Boliti ikikatikia ndani, gharama inapanda mara nyingi.

(d) Sanduku la gea

Hapa ndipo injini nyingi hufia kimya kimya, kwa sababu mashua inaendelea kwenda vizuri mpaka siku gea zinapovunjika.

Acha injini isimame wima usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatashuka chini. Asubuhi weka mkebe, ulegeze kidogo skrubu ya chini. Matone ya kwanza yakiwa maji, kuna uvujaji. Oili yote ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia na kuvurugwa. Unga laini wa chuma kwenye skrubu si ajabu. Vipande vya chuma ni habari mbaya.

Sasa tafuta maji yameingilia wapi. Anza hivi:

Kwanza, washa ndogo za skrubu mbili za oili. Kila ukifungua, weka washa mpya. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi.

Pili, toa propela na uangalie nyuma yake. Uzi wa nyavu na wa ndoana hujisokota hapo, ukapenya na kukata mdomo wa sili. Katika maji yenye nyavu nyingi, hiki ndicho chanzo cha kushukiwa mapema. Wavuvi wajizoeze kutoa propela mara kwa mara na kusafisha hapo hata kama hakuna shida.

Tatu, sili ya shafti ya juu iliyo chini ya pampu, na sili ndogo ya fimbo ya kubadilishia gea.

Kwa kupata uhakika, tumia pampu ya baiskeli yenye geji. Mwaga oili yote, funga skrubu ya chini. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza kiungo kwa kutoboa skrubu ya zamani na kuunganisha vali ya baiskeli, kisha kifungwe kwenye tundu la juu. Pampu taratibu mpaka paundi 10, usizidishe, kwani presha nyingi itang'oa sili nzima. Zamisha sehemu ya chini kwenye karai la maji. Zungusha shafti, badilisha gea. Mapovu yanapotoka, hapo ndipo penye tundu. Kama geji haishuki kwa dakika 5, sili ziko salama.

Kabla ya kung'oa sili ya zamani, andika au chora jinsi ilivyokaa. Kwenye shafti ya propela mara nyingi huwa mbili: mdomo wa moja huelekea nje kuzuia maji, wa nyingine huelekea ndani kuzuia oili. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, shafti imelika, na sili mpya ikikaa pale pale itavuja tena.

Kujaza oili: ijazie kwa tundu la chini mpaka itokee la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, kisha la chini haraka. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani na utadhani imejaa.

(e) Maji kwenye petroli

Wakati mwingine injini inakohoa na kuzimika, watu wanasema "imeingia maji", kumbe maji yalikuwa kwenye mtungi. Mimina petroli ya chini ya tanki kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji yatalala chini, na mstari utauona. Funika tanki wakati wa mvua, chuja petroli kwa kitambaa safi.

Na tukiwa hapo, tukumbushane kuchanganya. Injini nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Za zamani sana hutaka oili nyingi zaidi. Fuata kitabu cha injini yako, si cha jirani.

5. INJINI IKIMEZA MAJI AU IKITUMBUKIA

Usingoje kesho. Chomoa plagi, zima mfumo wa kuwashia ili kusiwe na cheche, ulaze injini matundu ya plagi yakiangalia chini, uvute kamba mara nyingi mpaka maji yaishe. Tia oili kidogo kwenye kila silinda, vuta tena. Safisha kabureta. Ikikubali, iwashe kwenye pipa siku hiyo hiyo na uiache ilie mpaka ikauke. Beringi za chuma hushika kutu kwa muda mfupi. Kama kamba imekaza kabisa, usivute kwa nguvu za watu wawili. Utapinda kitu ndani. Ita fundi.

6. MATOPE YA MASHAMBA YETU

Wenzetu wa pwani wanalia na chumvi. Sisi adui yetu ni matope. Mto Rupingazi unapita Embu mjini ukaingia Thiba, na Thiba inaingia ziwa la Kamburu. Udongo unaochukuliwa na mvua shambani bila matuta haupotei. Unashuka mpaka ziwani, unapunguza nafasi ya maji ya umeme, na mchanga wake laini unasaga raba za pampu na midomo ya sili kama msasa.

Kwa hiyo anayechimba matuta na kupanda nyasi za mabingobingo kule juu anamsaidia mvuvi wa Mbeere ambaye hajawahi kumwona. Na mvuvi naye ajue: usiwashe injini kwenye maji mafupi yenye tope. Piga kasia mpaka kwenye kina, ndipo ushushe injini. Ukirudi, ilishe maji safi kwenye pipa dakika chache.

Tena, oili chafu isimwagwe ziwani wala ufuoni. Akina mama wanachota maji hapo. Iweke kwenye mtungi, itafaa kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

7. TUTENGENEZE AU TUACHE?

Tuseme kikundi kina injini ya nguvu za farasi 15. Oili ya gea imekuwa nyeupe. Sili na washa zinahitaji pesa ambazo wanachama wanaweza kuchanga kwa mkutano mmoja. Wengine wanasema, "Si inatembea? Tungoje msimu uishe." Gea zikivunjika, bei yake inaweza kukaribia ya injini nyingine ya mitumba. Na haziwezi kuchagua kuvunjikia ufuoni.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha habari za mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Kikundi nacho kiketi. Mapendekezo yetu:

- Kuwe na daftari la injini. Andikeni saa za kazi, tarehe ya oili, tarehe ya raba ya pampu, na kila kilichovuja.
- Kila safari ya mapato, mweka hazina atoe fungu la injini kabla ya kugawana. Fungu hilo lisikopeshwe.
- Oili ya gea ibadilishwe kila saa 100 au kila miezi 6. Raba ya pampu ikaguliwe kila mwaka, na mapema zaidi kwenye maji ya tope.
- Silinda ikipasuka au shafti ikiliwa sana, omba bei kwa mafundi wawili. Bei ikipita nusu ya injini nyingine nzuri, afadhali kuiuza kwa vipuri.
- Injini yenye oili nyeupe au tundu kavu isibebe abiria, hata kama siku hiyo ni ya soko.
- Kila chombo kiwe na makasia mawili, ndoo ya kukumba maji, na jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu. Hakuna injini isiyozimika.

8. NENO KWA WENYE PAMPU ZA SHAMBANI

Ninyi mnaonyunyizia nyanya na vitunguu kwa pampu ya petroli kutoka mito kama Mutonga na Kathita, somo ni lile lile. Maji yakidondoka kati ya injini na nyumba ya pampu, sili ya shafti imekwisha. Usizibe tundu hilo la chini kwa gundi. Limewekwa makusudi ili maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi za injini. Na pampu isipovuta maji, angalia kwanza mpira wa kuvutia: hewa inapopenya kwenye kiungo hutaona tone, lakini maji hayatapanda.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani ana jukumu la kukagua mashine? Akiwa hayupo, nani anashika nafasi yake?
2. Je, tumewahi kuacha kasoro ndogo mpaka ikawa kubwa? Ilitugharimu nini?
3. Nahodha akisema "leo haifai kwenda", wanachama watamuunga mkono au watamlaumu?
4. Tunaweza kufanya nini na majirani wetu wa juu kuhusu udongo unaoshuka mtoni?

ZOEZI LA MWEZI: Kila kikundi chenye mashine kilegeze skrubu ya chini ya oili asubuhi moja kabla ya kazi, kitazame matone ya kwanza, na kuandika matokeo kwenye daftari. Kazi hiyo haimalizi dakika 10.